Poromoko Limefungwa

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa kwanza kwenye kiti chenye mgongo, maana habari hii ikikukuta umesimama na magoti yako hayo, utatupa kazi ya kukuokota. Mpwa wako sasa ndiye mkuu wa bustani nzima ya michezo. Meneja akitaka kupita anabisha hodi kwangu. Juzi nilinyoosha kidole tu, maji ya Poromoko letu la mitumbwi yakasimama katikati ya mteremko, yakasubiri niseme neno. Ukitaka kubisha bisha, lakini shahidi ninaye, mlinzi, ijapokuwa wakati huo alikuwa amelala.

Haya, nikwambie na upande wa pili. Nimekuwa mkuu kwa sababu wengine wote wameondoka. Jumatatu meneja alituita kwenye kibanda cha tiketi akasema bustani inafungwa. Hakutafuta maneno. Gurudumu kubwa unajua lilishasimama, farasi wa kuzunguka walishabebwa, na Poromoko peke yake haliwezi kuwalisha watu wote. Tena ule mkanda unaopandisha mitumbwi umechakaa, na waliokuwa wakiutengeneza hawautengenezi tena. Siku ya mwisho walikuja watoto kumi na mmoja na mzee mmoja aliyeingia kuulizia choo.

Mtumbwi wa mwisho alipanda dada wa tiketi. Miaka kumi na tisa anakata tiketi, hajawahi kupanda hata mara moja. Nilimfunga mkanda mwenyewe, nikambonyezea kitufe. Alipotua bwawani aliloa mpaka kitambaa cha kichwani. Nikamngoja acheke nimtanie. Hakucheka. Alikaa kwenye benchi anakamua sketi yake, anaikamua tu, mpaka nikaona haya nikaenda kujifanya nafagia.

Lakini usilie bado. Kuna mnunuzi. Anamtuma injinia wake aje kuliangalia bwawa, lile la chini mitumbwi inapotua. Sakafu ikiwa nzima, mnunuzi analichukua Poromoko lilivyo, analiwekea mkanda mpya, na sisi tunarudi kazini. Sakafu ikiwa na ufa, anafukia kila kitu kwa udongo na kujenga maghala. Maneno ya meneja ni hayo, sijaongeza chumvi. Sasa bwawa inabidi limwagwe likauke, injinia aone mpaka chini. Kazi hiyo nimeachiwa mimi na mlinzi.

Ningekupigia simu, ila masikio uliyaacha kwenye chumba cha pampu kubwa, na mimi sina koo la kukujibu "eee?" zako. Kwa hiyo niandikie maagizo. Tafadhali usinijazie kurasa kama mwalimu, unajua mimi shule niliiacha kabla haijaniacha. Andika kwa mkato. Mambo ya pampu nayajua hata nikiwa nimelala.

Mpwa wako,
Kambare, asiyekamatika

*

Tarehe 20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti asubuhi yanauma, mchana yanasahau, jioni yanakumbuka. Binamu yako hajambo, anasema barua yako ina makosa mengi kuliko herufi zenyewe. Nimemwambia akuache, samaki hapimwi kwa magamba yake.

Nimeisoma habari yako. Wewe umelikuta Poromoko likiwa zee. Mimi nimelikuta likiwa shimo. Sakafu ya bwawa nimeimwaga mimi na marehemu Mfupi, mwashi ambaye hukumjua. Alikuwa anafika hapa kwangu kifuani lakini zege alilibeba kama watu watatu. Tulimwaga siku mbili mfululizo, tunakula tumesimama, kwa sababu zege la sakafu ukilipumzisha linaacha mshono. Nyumba nilizojenga nyingi wenyewe wameshazibomoa wakajenga za ghorofa. Ukuta wa shule ulipisha barabara. Nikihesabu kazi za mikono yangu zilizobaki, ni lile bwawa. Kwa hiyo sikufichi, nataka injinia alikute zima.

Na hapa nina kijikazi cha kukaa kitini. Kuna vijana wanajenga tangi la maji la shule, wameniomba niwaelekeze sakafu. Kila asubuhi wananibeba na kiti changu kama bibi harusi.

Maagizo yako, kwa mkato, kama ulivyotaka.

Kwanza, fungua koki ya chini kidogo kidogo. Bwawa limwagike kwa siku tatu, si kwa siku moja.

Pili, matope toa kwa ufagio na beleshi la mbao. Sitaki kusikia sururu.

Tatu, kabla mvua hazijaanza, funga pampu ndogo, ile ya shimo la pembeni. Ukisahau mengine yote, hilo usisahau.

Sielezi zaidi, maana umesema unajua.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na shikamoo nyingine ya akiba, uitumie siku nitakaposahau. Magoti yasalimie moja moja. Mimi mzima, ila harufu ya matope imenipenda, haitaki kuachana nami. Mlinzi amehamisha kiti chake kwenda upande unakotoka upepo.

Kazi imekwisha. Koki nimeifungua kwa siku tatu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Chini tumekuta vioja. Miwani kumi na nne. Viatu vya mguu mmoja mmoja, sijui wenyewe walirudije nyumbani. Meno ya bandia, seti nzima, ya juu na ya chini, yameuma tope. Mlinzi aliyaosha akayaweka dirishani kwenye kibanda cha tiketi, anasema mwenyewe akija atayatambua. Nimemwambia mwenyewe akija hatutaelewa anachosema.

Pampu ndogo nimeifunga siku ileile barua yako ilipofika. Kwa mikono yangu hii, sikuita fundi wala sikumsumbua mlinzi. Hilo lifute kwenye orodha ya mawazo yako.

Na sakafu, mjomba. Sikuwahi kuiona. Miaka mitano nimefanya kazi juu yake nikijua maji tu. Ni laini kama upande wa ndani wa bakuli, na pembeni kuna mistari ya mwiko imepangana kama imechanwa kwa kitana. Nilivua viatu nikatembea kutoka kona hadi kona. Dada wa tiketi alikuja kuchukua mwavuli wake aliousahau, akaniona chini, akaniuliza napima nini. Nikamwambia sipimi, nakagua mali ya ukoo. Akashuka naye. Anauliza kama injinia ameshasema neno. Ana watoto wawili wa marehemu dada yake, na kazi nyingine hajapata. Nikamwambia alale usingizi, bwawa liko mikononi mwa Kambare.

Injinia alikuwa aje tarehe 14, sasa ameahirisha mpaka 28. Mwache achelewe. Tuko tayari kuliko yeye.

Mpwa wako,
Kambare, fundi mkuu wa maji makubwa na madogo

*

Tarehe 12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba zote, pamoja na ile ya akiba. Sisi wazima. Usiku huu magoti yameniambia mvua iko njiani, na magoti yangu hayajawahi kusema uongo.

Nimeisoma barua yako, kisha nikamsomea binamu yako, kisha nikaisoma tena peke yangu. Umeifunga pampu peke yako? Mimi na Mfupi tulihitaji kamba nene na mtu wa tatu wa kutushikia taa ili kuiteremsha shimoni, na bado iliniondoa ukucha. Kila mvua zikiisha tuliitoa, tukaipaka grisi, tukaiweka stoo. Kila mvua zikikaribia tunaifunga tena. Nilikuwa na hofu kwamba tangu niondoke hakuna aliyeijali, huenda imeozea stoo. Wewe umeitoa, umeishusha, umeifunga, na hukuomba msaada. Nilikuwa nadhani maneno yako ni mengi kuliko mikono yako. Nisamehe.

Kwa kuwa imefungwa na inavuta, sina wasiwasi tena hata mvua ije na ndugu zake. Maji ya ardhini ndiyo adui wa bwawa tupu. Likiwa na maji, uzito wa maji unalikalisha. Likiwa tupu, maji ya chini yanalisukuma juu kama kifuniko cha sufuria. Pampu ndogo kazi yake ni kuyanyonya yasifike. Haya unayajua, nayarudia kwa utamu tu.

Vijana wa tangi nimewaambia nina mpwa. Wakacheka, wanasema tangu asubuhi nimelisema hilo mara nne.

Mjomba wako

*

Tarehe 29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama wote. Sisi huku tunashukuru, wazima.

Habari si nzuri. Ijumaa ya tarehe 21 ilinyesha mvua kutoka mchana haikukata. Jumamosi asubuhi tumefika tukakuta bwawa limenyanyuka. Upande wa mashariki ukingo umetoka ardhini kiasi cha goti. Ufa umeanzia kona ile ya ngazi umekwenda mpaka katikati ya sakafu, mkono wangu unaingia wote mpaka kwenye kiwiko. Mabomba ya pembeni yamekatika.

Injinia alikuja jana. Hakushuka hata ngazi moja. Alisimama ukingoni akapiga picha mbili, akasema, "Sakafu imesukumwa kutoka chini." Meneja akamuuliza kama inatengenezeka. Akasema inatengenezeka kama vile yai linavyotengenezeka. Halafu akafunga daftari lake, wakaenda kuangalia uwanja wa maghala.

Dada wa tiketi alikuwepo. Alikuwa amevaa sare yake, ameipiga pasi. Hakuna aliyemwambia avae.

Mvua ilikuwa kubwa sana, mjomba. Watu wazima wanasema hawajaiona ya namna hiyo.

Pole.

Mpwa wako

*

Tarehe 10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole na wewe. Naona safari hii hukuweka utani hata mmoja, nikajua umeumia.

Nimelala na barua yako chini ya mto nikiitafutia jibu, na jibu nimelipata. Usiilaumu mvua. Mvua kubwa kuliko hiyo zilishapita na bwawa likiwa tupu, tukilisafisha, na halikutikisika. Kama pampu ilikuwa imefungwa na inavuta, na bado bwawa likanyanyuka, basi kosa liko chini ya sakafu. Na chini ya sakafu niliyekuwepo ni mimi.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile kona ya ngazi tuliimwaga mwisho. Lori la kokoto liliharibika njiani, kokoto za kutandika chini ya zege zikatupungukia. Kila mahali tuliweka shibiri nzima, pale zikabaki kama vidole vinne. Mfupi alisema tungoje lori. Nikamwambia zege haliwezi kungoja, na tajiri yuko juu ya vichwa vyetu. Tukamwaga. Miaka thelathini nimekuwa nikijiambia vidole vinne vinatosha. Sasa wewe unaniandikia ufa umeanzia kona ya ngazi.

Nimemwandikia meneja kwamba asimtafute mchawi, aliyeharibu ni mimi. Nimewaambia pia vijana wa tangi watafute mtu mwingine. Walisimama hapo mlangoni na kiti mkononi, hawaelewi. Lakini watoto wa shule watakunywa maji ya tangi lile, na mimi siwezi kuwaelekeza watu sakafu kwa mkono ambao siuamini.

Wewe usijilaumu kwa lolote. Ulifanya kila nilichokuagiza.

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo huko? Ninaandika ingawa zamu ilikuwa yako.

Kimya chako nimekielewa. Kazi umeikosa kwa sababu ya kokoto zangu, na yule dada wa tiketi pia, na mlinzi. Una haki ya kunikasirikia. Ningekuwa mimi, nisingeandika pia. Ila nakuomba unipe hata mstari mmoja, unitukane ukitaka, nijue uko salama.

Binamu yako anasema sili vizuri. Usimsikilize, nakula. Meneja hakunijibu. Vijana wa tangi wamepata fundi mwingine; nasikia wakipita asubuhi, wanaacha kuongea wakifika dirishani kwangu.

Mjomba wako

*

Tarehe 17 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara sita. Ya kwanza ilikuwa na utani mzuri kuhusu yale meno ya dirishani, ungecheka. Nimeichana. Naomba usome hii mpaka mwisho kabla hujasema neno, na kama binamu yupo karibu, mwambie akae.

Wiki hii malori yameanza kufukia. Mnunuzi alitaka zege livunjwe kwanza, kwa hiyo walileta mashine ya nyundo, wakaanzia kona ya ngazi. Niliwaomba wanipe dakika tano. Nikashuka kwenye shimo na rula ya seremala. Mjomba, kokoto za kona ile ni shibiri nzima. Nimepima sehemu nne, na nimepima kona nyingine mbili za kulinganisha. Zote sawa. Ama umekumbuka vibaya, ama Mfupi aliongeza ulipogeuka na hakukwambia. Sakafu yako ilikuwa imara. Mwenye mashine alisema zege lile limemvunjia ncha mbili, akauliza nani alilimwaga. Nikamtajia.

Sasa langu.

Uliponiandikia funga pampu ndogo, pampu haikuwa stoo. Tangu uondoke hakuna aliyeitoa shimoni, kiangazi na masika ilikuwa mlemle inaunguruma. Mimi nikaisikia inaunguruma, nikasoma neno lako, nikaelewa niizime. Funga koki, funga taa, funga duka, funga pampu. Nikabonyeza swichi, nikaona kazi imekwisha, nikakuandikia nimeifunga, na wewe ukaelewa nimeifunga kama mafundi wanavyofunga mashine. Kila mmoja alisoma neno lake. Kama nisingekuambia unifupishie, ungenieleza kwa urefu wako wote, na nisingekosea.

Lakini barua hii siiandiki kwa ajili ya neno. Kwa neno ungenisamehe, tena ungelicheka uzeeni mwako na kulisimulia.

Barua yako ya sifa ilinifikia Jumatano, tarehe 19 Machi. Niliisoma kibandani kwa sauti, mlinzi akisikiliza na dada wa tiketi amekaa kwenye benchi. Nilipofika kwenye kamba na mtu wa tatu wa kushika taa, nikaanza kuruka mistari. Nikafika kwenye maji ya ardhini, nikaelewa yote. Dada wa tiketi aliniambia, "Endelea, mbona unaruka?" Nikaruka, nikasoma pale unapoomba nikusamehe. Walinipigia makofi.

Nilikwenda shimoni peke yangu. Nikabonyeza swichi. Pampu ikaguna mara moja ikanyamaza. Ilikuwa imelala wiki tatu bila kugeuka, kutu imeishika. Fundi wa pampu unamjua, anakaa mtaa wa pili, kwa miguu ni robo saa. Ningemwita angeilegeza mchana uleule. Lakini fundi haingii bila ruhusa ya meneja, na meneja angeuliza kwa nini pampu ilizimwa, na mlinzi angesikia, na dada wa tiketi angesikia, na habari zingekufikia wewe uliyekuwa umetangaza mpwa wako mara nne kwa siku moja. Nikasema moyoni, nitaitengeneza mwenyewe kimyakimya, Jumamosi itakuwa inavuta. Alhamisi nikashinda shimoni na spana na mafuta ya taa. Mlinzi akauliza nafanya nini, nikamwambia naibembeleza. Ijumaa asubuhi bado. Mchana mvua ikaanza, nikaendelea kugonga mpaka maji yalipofika kiunoni.

Nilikuwa na siku mbili na robo saa ya kutembea, mjomba. Sikutembea, kwa sababu nilikuwa nimesifiwa.

Na baada ya hapo ukaniandikia kuhusu vidole vinne vya kokoto. Niliisoma barua ile nikaona umenipa mlango wa kutokea, nikapita. Wiki tano nimekuacha ukinyang'anywa kazi yako ya mwisho, nikijua hukukosa kitu. Ile mara ya pili ulipoandika kuniomba radhi, niliikunja barua nikaiweka mfukoni, nikaenda kula chakula cha mchana. Nilikula nikamaliza.

Meneja nimeshamwambia. Dada wa tiketi nimemwambia leo asubuhi, mlangoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Barua hii nimempa dereva wa malori anayekuja upande wenu, aikabidhi mkononi kwa binamu. Waite vijana wa tangi, wasomee sehemu ya rula. Ukitaka, wasomee yote.

Pampu ilikuwa imezimwa. Aliyeizima ni mimi, na tangu Jumatano ile nilijua.

Mpwa wako